Kifuniko cha Rejeta

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta una afya, kadiri afya inavyoweza kupatikana mahali ulipo. Namsalimu pia yule bwana afisa wa gereza ambaye, kwa mujibu wa kazi yake, huzisoma barua zetu kabla yako. Bwana, niwie radhi kwa urefu wa maneno yangu. Ndiyo tabia yetu wagane. Nyumbani hatuna wa kutukatiza.

Huku tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua asubuhi, kisha hunisamehe ikifika saa nne. Jirani yangu, yule mkunga mstaafu, bado ananiletea uji, na bado ananitukana kwa kumshukuru kupita kiasi. Kaburi la dada yako nimelipalilia.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Umeniomba niiamshe pikipiki yako kabla hujafunguliwa mwezi Julai. Imelala katika chumba cha cherehani cha marehemu mke wangu, chini ya shuka, tangu siku polisi walipoirudisha bila mnyororo wake. Mnyororo ule ulibaki mahakamani kama kielelezo, kwa kuwa ndio uliomvunjia mkwe wangu goti, na sikuona kama ni adabu kwenda kuuomba. Nimenunua mwingine. Petroli kuukuu nimeimwaga, na betri mpya nimeifunga.

Lililonishinda ni maji ya kupozea injini. Nilichungulia ndani ya ile chupa ya plastiki iliyo ubavuni, nikaona tope la rangi ya chai. Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Najua herufi za risasi na wino, sijui mashine inayokunywa. Nielekeze kama unavyomwelekeza mtu asiyejua lolote, na uniwie radhi kwa usumbufu.

Jana mkwe wangu alipita hapa barabarani, akaniuliza kama u mzima. Nilimjibu kwamba u mzima.

Wako akupendaye,
Mjomba


Tarehe 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Samahani kwa mwandiko, vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika. Kuna mtu alilitaka blanketi langu. Yeye kavunjika zaidi. Msalimie mkunga, mwambie uji wake naukumbuka kuliko watu.

Kwanza hilo neno. Usimwite mkwe, nakuomba. Dada yuko ardhini, ukwe umetoka wapi? Yule ni Mizani, muuza vyuma chakavu, basi. Akikuuliza tena habari zangu mwambie nahesabu siku.

Sasa maji. Injini iwe baridi kabisa, usiku mzima iwe haijawashwa. Chini ya pampu ya maji, upande wa kulia, kuna bolti ndogo yenye washa ya shaba, kile kipete chembamba. Weka beseni chini yake. Ukiifungua, maji yatatoka kidogo tu, kama mtu anayekojoa kwa woga. Usishangae. Kuna kifuniko cha rejeta juu, kimefungwa na skrubu ndogo ili kisijifungue chenyewe. Toa skrubu hiyo kwa bisibisi, kikandamize, kizungushe. Hapo hewa itaingia, na maji yote yatashuka.

Beseni ulifunike mara moja. Maji hayo ni matamu, na huo ndio ubaya wake. Mbwa akilamba, figo zimekwisha, anachukua siku mbili kufa. Chimba shimo mbali na kisima.

Kisha suuza. Tumia maji safi ya betri, yale yasiyo na tindikali. Narudia, Mjomba: yasiyo na tindikali. Jaza, washa injini kidogo, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Washa ya shaba uweke mpya.

Usimpe mtu mwingine aifanye. Nataka mikono yako.

Mpwa wako


Tarehe 24 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimesikitika mno kwa ajili ya vidole vyako. Bwana afisa, nakusalimu na wewe, na ninaomba, kama haliko nje ya mamlaka yako, vidole hivyo vifungwe kijiti.

Nimeifanya kazi. Nilimwomba radhi muuza duka mara tatu kwa kumuuliza habari za tindikali, mpaka akasema, "Mzee, chukua tu hayo maji uende, unanitia hofu." Jirani yangu alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha cherehani, kunitazama.

"Mwenzangu," akaniambia, "hiyo spana umeishika kama kalamu."

"Niwie radhi, ndivyo nilivyozoea kushika vitu."

"Mimi nimezalisha wanawake mia kadha, sijaona mtu akiiomba bolti msamaha. Igeuze!"

Niliigeuza. Yalitoka kidogo, kama ulivyosema, na sitarudia mfano wako mbele ya bwana afisa. Nilipokifungua kifuniko cha juu yalibubujika yote. Mpwa wangu, yalikuwa ya rangi ya kahawia, rangi ya damu iliyokaa kwenye kitambaa. Mkunga aliacha kucheka. Yeye ndiye aliyemwosha dada yako, na nguo zile alizifua yeye kabla ya kuzichoma. Beseni likajaa.

Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote hii alilifunika. Alisema mbavu za upande mmoja zilikuwa zimelegea chini ya mkono wake kama funguo za kinanda kibovu, na kwamba taya lilivunjwa siku kadhaa kabla, kwa kuwa lilikuwa limeanza kuunga vibaya. Wewe na mimi tunaijua nyumba yao. Ina vidato vitatu vya ngazi mlangoni. Afisa wa kituo cha polisi aliandika, "Ameanguka mwenyewe." Kwa miaka arobaini nilipanga maneno ya watu wengine herufi moja moja, na sijapata kuona maneno mawili mazito kama hayo.

Nimesuuza mara tatu. Sasa yanatoka meupe. Yale ya kahawia nimeyazika nyuma ya ukuta, nikaweka jiwe juu kwa ajili ya mbwa.

Naomba kuuliza, bila nia ya kukubughudhi: pikipiki hii unaitaka kwa safari gani?

Wako,
Mjomba


Tarehe 29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa kwenye chumba cha peke yangu, kule hawatoi karatasi. Yule wa blanketi alikuja na ndugu yake. Sasa sina meno mawili ya mbele, na ndugu yake hana sikio. Usisikitike. Vidole vilifungwa kijiti, sijui nani aliagiza.

Umefanya vizuri kuliko mafundi wengi. Sasa ujaze maji mapya, yale ya kijani. Mimina polepole kwa faneli, na huku unaibinyabinya mipira minene inayopitisha maji ili hewa itoke. Yakifika juu, washa injini kifuniko kikiwa wazi, utaona mapovu. Subiri yaishe, ongeza, funga kifuniko, rudisha skrubu. Iache iungurume mpaka usikie feni imeanza kuzunguka yenyewe. Ukisikia feni, ujue damu yake inatembea. Zima.

Na sasa nisikilize, hili ni kubwa kuliko yote. Feni ikishazunguka, USIFUNGUE kifuniko hicho. Hata kama injini imezimwa, hata kama kimya. Ndani maji yamepita kuchemka, yanashikiliwa na kifuniko tu. Ukikizungusha yanakurukia usoni. Nilimwona fundi mmoja gereji, ngozi ya shavu ilibaki kwenye kitambaa alichojifutia. Subiri ipoe, hata kwa saa mbili nzima.

Umeuliza safari. Ni fupi. Njoo nayo langoni siku nitakayotoka. Mafuta weka ya kwenda tu.

Mpwa wako


Tarehe 16 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu, na salamu kwa bwana afisa. Mwandiko huu si wangu. Jirani yangu amekubali kuniandikia, kwa kuwa mkono wangu umefungwa na jicho langu moja limevimba kwa sasa. Nilianguka. Usiwe na wasiwasi.

Pikipiki imewaka. Nilijaza maji ya kijani kama ulivyoagiza, mapovu yakaisha, feni ikazunguka. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Barabara nzima ilitoka milangoni. Wapo waliofurahi.

Nimelitafakari sana agizo lako la mafuta ya kwenda tu. Nitaweka ya kwenda na kurudi. Niwie radhi kwa kukuasi.

Wako,
Mjomba

Mimi mkunga ndiye niandikaye. Nimeambiwa niandike kwamba ameanguka, basi nimeandika ameanguka. Sikuambiwa niandike kwamba Mizani aliisikia injini, akaja na bomba la chuma, akavunja dirisha la chumba cha cherehani, akamuuliza, "Mzee wa samahani, unamtengenezea nani hii?" Hilo sikuambiwa, ndiyo maana silo nililoandika. Mkono umevunjika sehemu moja. Nimeufunga vizuri.


Tarehe 27 Mei

Mjomba,

Nyumba yako haina hata kidato kimoja.

Usimjibu. Usimfungulie. Hamia kwa mkunga. Julai si mbali. Nilikuwa nimepanga kumpiga mpaka asipumue. Sasa sitaki iwe haraka. Nitaanza na mkono, alikoanzia yeye. Afisa asome tu, nimechoka kuficha. Akitaka aniongezee miaka, ila aniache nitoke siku moja tu katikati.

Pikipiki iwe tayari.

Mpwa wako


Tarehe 20 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu, na ninamsalimu bwana afisa, ambaye safari hii naomba asome kwa makini. Mkono unaunga, mwandiko huu ni wangu, japokuwa umepinda. Jirani yangu hajambo, ila hazungumzi nami tangu mwanzoni mwa mwezi. Uji analeta, anauweka mlangoni.

Barua yako ya Mei niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nilikuona waziwazi: unatoka langoni na meno yako yaliyopungua, unapanda, unafika uwanja wa vyuma, unafanya ulichokiandika, kisha unakaa chini kuwasubiri polisi. Wasingekuachia tena. Dada yako yuko ardhini, na wewe ungekuwa nyuma ya kuta za gereza mpaka nami nife. Nilijiambia kwamba jambo hilo halitakuwa, lakini sikujua litazuiwaje.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, saa nane mchana, nilikuwa nimeitoa uani. Niliiwasha kama ulivyonifundisha, feni ikazunguka, nikazima. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka ufunguo mfukoni, lango likapigwa teke.

Alikuwa na kopo la mchanga uliochanganywa na vumbi la chuma, la kule kwake penye msumeno. Alichechemea mpaka kwenye kivuli cha ukuta, ilipokuwa pikipiki.

"Mzee wa samahani! Bado hujafa?"

"Bado, mkwe. Karibu."

"Leo nakuja kuizika hii takataka. Akitoka aje kwa miguu, nimwone atafika lini." Akalitikisa tangi la mafuta, ambalo hufunguliwa kwa ufunguo. "Ufunguo."

"Niwie radhi, sitautoa."

Alinipiga kofi, si kali sana. Nadhani alikuwa anatunza nguvu. Kisha akazunguka pikipiki akiipapasa huku na huku, kwa kuwa mashine anazozijua yeye ni maiti. Zinafika kwake kwa kilo, zimekwisha kupoa miaka. Akasema, "Maji yanaingilia wapi? Nitailisha mchanga huu mpaka ndani ya matumbo. Sema, au nirudie ule mkono."

Mpwa wangu, hapo ndipo barua yako ya Aprili ilipokuja mbele ya macho yangu, imepangwa safi, neno usifungue kwa herufi kubwa. Nilikuwa na nafasi ya kulisema. Lilikuwa neno moja. Maisha yangu yote nimewaonya watu juu ya mambo madogo kuliko hayo: bwana, kuna kinyesi, mama, kamba ya kiatu imefunguka.

Nilimwonyesha kwa kidole. "Pale, mkwe. Ila kina skrubu."

Kisha nikampa bisibisi. Niliitoa kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliofungwa, kama nilivyolelewa kumpa mgeni kitu.

Goti ulilomvunja wewe halikunjiki, kwa hiyo ilimbidi ainame kiunoni, uso wote juu ya mashine. Alitoa skrubu. Alikikandamiza kifuniko. Kilitoa mlio wa kunong'ona. Akasema, "Kinapumua nini hiki?" akakizungusha.

Sikuyafumba macho uso wake ulipopotea ndani ya mvuke. Maji yalipanda kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni. Alipiga yowe ambalo sikujua kwamba mwanamume mkubwa analo ndani yake, akajishika usoni, na alipoivuta mikono, ngozi ya kope na ya pua ilikuja pamoja na viganja. Alikwenda kwa magoti, hata lile bovu, akagonga ukuta, akarudi, akagonga tena. Aliliita jina la dada yako. Sijui ni kwa nini. Nilisimama, nikayatazama maji ya kijani yakitambaa juu ya saruji, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba itanibidi nijaze upya.

Mkunga aliruka ukuta, na umri wake ule, akammwagia ndoo za maji baridi. Aliniangalia mara moja, akaiona bisibisi yangu pale chini, akaelewa. Ndiyo sababu haongei nami.

Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linatambua mwanga tu.

Nilikwenda kituoni mwenyewe. Nikamkuta afisa yuleyule aliyeandika habari za dada yako, mnene zaidi sasa. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Akaniuliza, "Mzee, ulimshika mkono ukamfungulisha?"

"La, bwana. Lakini nilijua."

"Kujua si kosa. Mtu mzima kaingia uani kwa watu, kafungua rejeta ya moto." Akaandika, akaligeuza daftari nilione, kana kwamba ananifanyia hisani: Amejiunguza mwenyewe. "Nenda ukapumzike, mzee wangu."

Kwa hiyo huna safari tena. Toka, uje upumzike, chumba kipo. Nimejaza maji upya, na ninaitunza mashine kama inavyopaswa. Uliwahi kuniambia kwamba haifai kukaa bila kuwashwa, basi kila alasiri naisukuma mpaka kwenye ukuta wa uwanja wa vyuma, kwa kuwa pale pana kivuli. Naiwasha. Nasubiri feni. Yeye amerudi kutoka hospitali, analala kwenye kibanda cha mizani. Akiisikia huanza kulia, kisha hutambaa, na vyuma vinamwangukia. Nasikia vikianguka. Namwambia kupitia ukutani, "Habari za mchana, mkwe. Niwie radhi kwa kelele."

Ninapaswa kujuta. Najitafuta majuto kama nilivyokuwa nikitafuta herufi katika kasha lake, na kidole changu kinagusa mbao tupu. Ninalala vizuri. Goti halinisumbui tena.

Wako akupendaye,
Mjomba


Tarehe 1 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliipata kutoka mikononi mwa yule afisa mwenyewe anayezisoma barua zetu. Hajawahi kuniletea. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee wako amenisalimia kila barua, nikawa nazingoja. Hii salamu yake imenitisha." Kumbe ndiye aliyeleta kijiti cha vidole.

Nilitaka kufurahi. Nilikaa na barua nikaisubiri furaha siku nzima. Nilimwombea yule mtu mabaya yote unayoweza kuyafikiria, na sikuwahi kukuweka wewe ndani ya hayo maombi. Wewe ulikuwa mahali pa kurudi.

Natoka Ijumaa. Usije langoni. Usiiwashe tena, hata mara moja, hata uani. Usiende kwenye ule ukuta. Akilia, mwache alie bila wewe.

Fanya hivi. Subiri injini iwe baridi, Mjomba, baridi kabisa. Ile bolti ya chini, upande wa kulia. Kisha kifuniko. Mwaga maji yote, usijaze mengine. Ufunguo mpe mkunga. Mwambie nimesema mimi.

Nakuja kwa miguu. Nitachukua siku mbili tatu. Nikifika nataka nikukute umekaa, na mkono wako umepona, na unaniomba radhi kwa jambo dogo lisilo na maana.

Beseni ulifunike.

Mpwa wako